Mrehani wa Kaburi la Tatu

Wenzangu wakinusa mrehani hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka makaburi. Ni jambo la kuchekesha kidogo, maana kazi yangu ni kufunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Kila asubuhi nakaa barazani kwangu Mkunazini na sinia la asumini, waridi na mrehani, nafunga vikuba vya maharusi na vya wake wanaopenda kuwanukia waume zao, na wateja husema Bi Kazija ana mkono mwepesi. Mkono mwepesi ninao kweli. Lakini kila nikivunja kijiti cha mrehani na ile harufu yake ikanipanda puani, simwoni biharusi. Naona mchanga mweupe uliochanganyika na vipande vya matumbawe, mawe mawili yamesimama, kopo kuukuu la maziwa lililojazwa maji, na miguu yangu ya miaka tisa iliyojaa vumbi. Wateja siwaambii. Nani atanunua kikuba kwa mtu anayewaza maiti?

Mwaka huo mama yangu alikuwa na mimba ya mdogo wangu, mimba ikamlemea, daktari akamwambia alale na asinyanyue hata kata ya maji. Baba alikuwa kazini Bara. Ikaamuliwa nipelekwe Chwaka kwa bibi mzaa mama, nikae huko mpaka mama ajifungue. Hakuna aliyeniuliza. Nguo zangu zilifungwa katika khanga kuukuu, nikaandikishwa skuli ya huko kwa muda, na mimi mtoto wa mjini, niliyezoea kelele za vichochoro na kaimati za jioni, nikajikuta mahali ambapo saa mbili za usiku watu wote wamekwisha kufunga milango. Nilinuna wiki nzima. Nilichukia harufu ya mwani ulioanikwa uani kila nyumba, nilichukia mbu, nilichukia wali wa nazi usiokuwa na iliki. Bibi aliniacha ninune. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye magoti mabovu yaliyomfanya aketi chini kwa awamu tatu, na alikuwa hasemi sana. Alichosema alisema mara moja tu, hakurudia, na ole wako kama hukusikia.

Katika chumba chake, juu ya sanduku la nguo, palikuwa na picha moja ya mwanamume aliyevaa koti na tarbushi nyekundu, ingawa picha yenyewe haikuwa na rangi. Wekundu wa tarbushi niliambiwa na bibi. Huyo alikuwa babu yangu, Mzee Mcha, aliyefariki kabla sijazaliwa. Alikuwa mwanasiasa wa zile enzi ambazo wazee wa kwetu wakizitaja hawataji mwaka, husema tu zama za siasa, kisha hushusha sauti. Alihutubia watu uwanjani, alikwenda mjini kukaa katika Baraza pamoja na wakubwa, na alirudi Chwaka kwa gari la watu, wanawake wakimpigia vigelegele. Halafu mambo yakageuka, kama yalivyowageukia wengi, na jina lake likaacha kutajwa. Hapana skuli iliyopewa jina lake, wala barabara. Hata mimi, mjukuu wake, nililijua jina lake kwa sababu mama alikuwa akiitwa kwalo, binti Mcha, basi.

Nyumba ya pili kutoka kwa bibi ilikuwa ya marehemu Mzee Pandu. Huyu naye alikuwa mwanasiasa wa zama zile, ila wa chama cha upande wa pili. Yeye na babu walisoma chuo kimoja cha Kurani, walitahiriwa siku moja, na wakaja wakatengana kwa siasa mpaka wakafika pahala pabaya kuliko pote ambapo watu wa kijiji kimoja wanaweza kufika. Wakawa hawazikani. Msomaji wa leo pengine atalipita neno hilo haraka, kwa hiyo nalieleza. Kwetu unaweza kugombana na jirani yako, usinunue dukani kwake, usile harusini kwake, usimwamkie, lakini akifiwa unakwenda. Ukiacha kwenda huko, basi hakuna kilichobaki baina yenu. Zama za siasa watu walifika huko. Mtoto wa kwanza wa bibi, mvulana wa miezi saba, alikufa kwa homa, na katika nyumba ya Mzee Pandu hakutoka hata mtu mmoja. Mlango ulifungwa tangu asubuhi. "Mwanangu kazikwa na watu sita," bibi aliniambia, mara moja tu, akichambua mchele. "Sita, na wa saba baba yake." Miaka mingi baadaye Mzee Pandu alipofariki, babu naye alifunga mlango wake. Kisha babu mwenyewe akafa, wakazikwa wote wawili katika makaburi yale yale, kwa kuwa Chwaka haina mengine.

Bibi hakuwahi kuliona kaburi la mumewe. Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Hulilia mlangoni, likipinda kona wanarudi ndani, na hata baadaye mtu mzima wa kike haingii makaburini. Kwa hiyo kila mwanamke wa kijiji kile alijua kaburi la mumewe au la mzazi wake kwa kuambiwa tu. Na usidhani angeweza kuambiwa jina lililoandikwa, kwani hakuna kaburi lililokuwa na jina. Yalikuwa na mashahidi tu, yaani yale mawe mawili, moja la kichwani na moja la miguuni, na juu yake pengine bakuli la kaure lililovunjika. Aliyekuwa akilihudumia kaburi la babu ni mjomba wangu, lakini mjomba alihamia Bububu kwa ajili ya kazi, na karibu mwaka ulikuwa umepita hajakanyaga Chwaka. Mimi sikuwa nimevunja ungo bado. Nilikuwa mtoto, na mtoto wa kike anaweza kuingia. Bibi akaona nimeletwa na Mungu.

Basi kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri alinifungia fungu la mrehani kwa uzi wa ukindu, akanipa kopo la maji, na akaniambia kama alivyoambiwa na mjomba: ukiingia, hesabu upande wa kulia, kaburi la tatu, lenye mashahidi ya matumbawe. Nikaingia. Nikahesabu moja, mbili, tatu, upande wa kulia, na la tatu lilikuwa na mashahidi ya matumbawe. Nikapiga magoti, nikasoma Fatiha, nikasoma kile kipande cha Yasini nilichokwisha kukihifadhi chuoni, nikamwaga maji kuanzia kichwani mpaka miguuni, nikaweka mrehani. Nilifanya kazi ile vizuri, sijisifu. Wiki ya pili nilikuja na kisu kibovu nikang'oa magugu. Wiki ya tatu niliyasugua mawe kwa makumbi mpaka yakarudisha weupe wake.

Nikaanza na kuzungumza. Siwezi kusema lini. Nilikuwa peke yangu, mama yangu amelala mjini na mimi sijui kama atapona, na bibi alikuwa si mtu wa kuulizwa mambo. Babu hakuwa na haraka. Nilimweleza kuhusu mwalimu wa hesabu, nilimweleza kuhusu watoto wa Chwaka walioniita Mhindi kwa sababu ya viatu vyangu, nilimwomba amwombee mama. Nilipoondoka niliyagusa mawe yote mawili, la kichwani kwanza. Nilimpenda yule mzee aliyekuwa chini ya mchanga ule, nampenda hadi leo, na sioni haya kusema.

Mtu mmoja tu nilijua ananiona wakati wote huo. Alikuwa Mzee Usi, mchimbaji wa makaburi wa kijiji, mfupi, mwenye mabega mapana, ambaye alikuwa haishi kulalamika kuwa ardhi ya Chwaka ni mawe matupu na watu wafe taratibu. Alikuwa akipita na jembe lake begani, anasimama, ananitazama kwa muda, anatikisa kichwa, anakwenda zake. Nilidhani ananisifu kimoyomoyo kwa usafi wangu. Alikuwa na sababu nyingine, lakini hakuisema, na mimi sikuwa mtoto wa kuwauliza wazee wanachotikisia vichwa.

Mwezi wa tatu wa kukaa kwangu, sheha, mkuu wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba na habari. Wakubwa mjini wameamua kuorodhesha makaburi ya wanasiasa wa zamani waliozikwa shamba, nje ya mji, wa pande zote, bila kubagua, na kila mmoja atawekewa jiwe lenye jina. Watakuja Jumamosi baada ya wiki mbili. Yatasomwa majina mbele ya watu, itasomwa dua, na wenye maiti waonyeshe makaburi yao. Bibi alikuwa amekaa kizingitini akisuka ukili. Mikono yake ilisimama. Sheha alipoondoka, bibi aliinuka kwa zile awamu zake tatu, akaenda chumbani, akaishusha ile picha na kuifuta kwa ncha ya khanga, akaifuta tena. "Nataka nilisikie jina lake," akasema. "Nilisikie likitajwa mbele za watu kama walivyokuwa wakilitaja. Halafu Mungu anichukue akitaka." Kisha akanigeukia. "Na wewe ndiye utakayewaonyesha. Usije ukanitia aibu."

Wiki ile bibi alibadilika. Aliimba akichambua mchele. Alinitaka nimwelezee kaburi mara kwa mara, yeye asiyependa kurudia maneno: mashahidi yako vipi, kivuli kinaingia saa ngapi, pana miba. Nikawa naeleza, naye anasikiliza na macho amefumba. Nilikuwa na fahari isiyo kiasi. Nilikuwa mtoto wa pekee duniani aliyejua alipolala mheshimiwa.

Ijumaa ya wiki ile ile, wanaume wakiwa wametoka msikitini, tulisikia hodi. Bibi akaitika karibu kabla hajatazama. Aliyeingia alikuwa Bi Pili, binti wa Mzee Pandu, mwanamke wa makamo, mnene, aliyekuwa akiishi peke yake katika ile nyumba ya pili. Mimi nilikuwa nimemwona mara nyingi kisimani. Lakini katika miezi mitatu sikuwahi kumsikia akisema hata neno moja na bibi, wala bibi na yeye. Alishika sahani iliyofunikwa kwa kawa la ukindu.

"Shikamoo, Bi Mize."

Bibi aliitazama ile sahani kwanza. "Marahaba," akasema.

Bi Pili aliketi ukingoni mwa jamvi, nusu juu yake, nusu sakafuni, akaiweka sahani mbele yake. Ulikuwa mkate wa kumimina, bado una moto, nikasikia harufu yake ya iliki. "Sikuja kwa maneno mengi," alianza. "Nimekuja kukushukuru. Mzee Usi ndiye aliyenambia, nami sikumwamini, nikenda nikasimama njiani nikaona kwa macho yangu. Huyu mtoto kila Alhamisi anasafisha kaburi la baba yangu. Anamsomea. Anamwekea mrehani. Sie wanawe hatujafanya hayo, Bi Mize. Ndugu zangu wote wako Bara, hana wa kumwagia hata tone la maji." Akajifuta uso kwa kiganja. "Siku mwanao alipofariki nlikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alitufungia mlango. Nlisikia mnalia, nkasikia wanaume wachache wanatoka. Nlitaka kuja. Nlipiga mlango mpaka nkapigwa. Miaka yote hii nliona haya hata kukwamkia. Sasa wewe umenitangulia."

Bibi alinitazama. Hapo ndipo nilipofahamu, na nadhani yeye alifahamu wakati huo huo, maana rangi ilimtoka. Sikuwa na pa kuyapeleka macho yangu. Nilitaka kusema kwamba niliambiwa la tatu, upande wa kulia, kwamba mimi sikukosea, kwamba yule ni babu yangu na nimemweleza mambo yangu yote. Nilimwona bibi akishika ukingo wa jamvi kwa vidole vyake, na nikajua anawaona wale watu sita. Neno moja tu lingetosha. Angesema mtoto amepotea njia, na Bi Pili angechukua sahani yake na kurudi kwao, na asingekuja tena mpaka kiama.

"Kazija ni mtoto mwema," bibi akasema hatimaye. "Nilimtuma mimi." Kisha akalifunua kawa, akakata kipande cha mkate, akakila. Alikitafuna polepole, mpaka mwisho, mimi na Bi Pili tukimtazama. Mama yangu aliniambia baadaye kwamba tangu yeye azaliwe, chakula cha nyumba ile hakikuwahi kuingia kinywani mwa bibi.

Bi Pili alipoondoka bibi aliurudia ukili wake, akasuka mpaka adhana ya alasiri. Nilikaa pembeni nikingoja kupigwa. Angenipiga ningepata nafuu. "Uliingilia wapi?" akauliza. Nikamwambia niliingilia pale penye uwazi, upande wa barabara. Akafumba macho. Mjomba alikuwa akihesabu kutoka mlango wa zamani, upande wa pwani, ambao ulikuwa umezibwa kwa miba baada ya mchanga kumong'onyoka. Bibi hakuwahi kuingia, atajuaje kuwa umezibwa? Na mimi sikuwahi kuambiwa kuwa kuna mlango mwingine. Bibi akaanza kulia. Nilikuwa sijamwona akilia, na alilia bila sauti, mabega yanapanda na kushuka. "Mcha wangu," alikuwa akisema. "Miezi mitatu. Hana hata tone la maji, na mrehani wangu anapelekewa yule." Nikalia na mimi. Nililia kwa ajili ya babu niliyekuwa sijamzuru, na nikalia, Mungu anisamehe, kwa ajili ya yule niliyekuwa namzuru, kwa kuwa niliona sasa atanyang'anywa kwangu.

Asubuhi yake bibi alimwita Mzee Usi. Alisimama uani na jembe lake, akawa anatazama vidole vya miguu yake. Alijua tangu siku ya kwanza, akakiri. "Nlidhani umesamehe, Bi Mize. Nkaona nikiuliza ntaharibu. Ndiyo nkamwambia Pili, nkitaka na yeye ajue." Nikadhani bibi atamfukuza. Akamwambia tu, "Mpeleke mtoto."

Kaburi la babu lilikuwa upande wa pili kabisa, la tatu kutoka pwani. Lilikuwa limefunikwa na mitambaazi, na shahidi la miguuni limelala chini. Mzee Usi alilisimamisha, akalishindilia kwa kisigino, mimi nikang'oa majani kwa mikono mpaka vidole vikanitoka damu. Sikuwa na la kumwambia babu. Nilikwisha kuyasema yote kule kwingine. Nilimsomea nikaondoka, na moyoni niliona kama nimemtembelea mtu ambaye hatujuani.

Sasa Alhamisi ikafika, ile ya mwisho kabla ya wageni. Bibi alifunga fungu moja la mrehani, kubwa kuliko yote, akanipa kopo. Hakusema niende wapi, na hapakuwa na haja. Nilikuwa nimekwisha kufika njiani niliposikia ananiita.

"Kazija!"

"Naam, bibi."

"Rudi."

Nikarudi. Alikuwa amesimama kwenye kile kibustani chake cha mrehani nyuma ya jiko, magoti yake mabovu yameinama, anakata vijiti. Alikata, akaacha, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya, akakata tena. Akafunga fungu la pili, dogo. Alipolitia mkononi mwangu hakunitazama. "Mpelekee na yule," akasema. Nikamuuliza kama nimweleze Bi Pili ilivyokuwa. "Nimesema nilikutuma," bibi akajibu. "Basi nimekutuma."

Jumamosi wageni walikuja na magari mawili. Wanaume wa kijiji waliingia makaburini pamoja nao, mimi na Mzee Usi tukiwa mbele, nikawaonyesha makaburi yote mawili bila kubabaika. Wanawake walisimama barabarani. Nilitoka nikasimama na bibi. Alivaa buibui lake jipya, na Bi Pili alikuwa amesimama hatua chache mbali naye, peke yake, bila kujua akae wapi. Jina la kwanza kusomwa lilikuwa la Mzee Pandu. Dua iliposomwa nilimtazama bibi, kwa kuwa niliogopa. Mikono yake ilikuwa chini. Kisha akaiinua, akaitikia amina pamoja na wengine. Ndipo Bi Pili aliposogea. Likasomwa jina la babu, jina lake na la baba yake na la babu yake, sauti ikaja mpaka barabarani, na bibi akapiga hatua mbele, akajikwaa. Aliyemshika kiwiko ni Bi Pili. Wakasimama hivyo mpaka magari yakaondoka.

"Nimelisikia," bibi akasema.

Mama alijifungua salama mwezi uliofuata, nikarudishwa mjini. Nilikuwa na miaka kumi na sita bibi alipofariki. Tulipofika Chwaka, maiti ilikuwa imekwisha kuoshwa. Aliyemwosha ni Bi Pili. Alifika kabla ya alfajiri, wakaniambia, hakuitwa na mtu, akakunja mikono ya buibui na kuomba maji. Mtoto wa bibi alizikwa na watu sita, lakini jeneza la bibi mwenyewe lilijaza barabara, na waliolibeba kwa zamu ya kwanza walikuwa wajukuu wa Mzee Pandu waliokuja kutoka Bara. Bi Pili alinikumbatia. Alisema bibi yako ndiye aliyeanza. Nimeificha siri ile miaka yote, na ninaiandika leo kwa sababu Bi Pili naye amefariki, na Mzee Usi, na hakuna tena wa kuumia.

Mimi pia siingii makaburini sasa. Nimekua, na nimefuata ya kwetu. Lakini mara moja moja huenda Chwaka, nikasimama barabarani pale pale. Makaburi yamezungushiwa ukuta, mlango ni mmoja, na mawe ya wazee wale wawili ni ya marumaru, yana majina yao kwa maandishi meusi yanayosomeka kutoka mbali. Kila uchaguzi ukikaribia, watu huja kwa magari. Wenye fulana za rangi moja huenda kwenye jiwe la babu, wakapiga picha, wakaomba dua. Wenye fulana za rangi nyingine huenda kwa Mzee Pandu. Baina ya mawe yale hapana hata hatua hamsini. Nimesimama pale nikawaona wanapishana mlangoni bila salamu, na kila kundi linapita kaburi lisilo lao kama linavyopita kisiki. Hukasirika. Zamani tuliwatafuta wazee hawa kwa kuhesabu, tukakosea. Hawa hawakosei hata mara moja.

Mwezi uliopita nilikwenda na binti yangu Zuwena, ana miaka minane, anasoma vizuri kuliko nilivyosoma mimi. Nilimfungia mafungu mawili ya mrehani, yote sawa, nikampa chupa ya maji, nikamweleza. Akaingia anaruka ruka. Alikaa muda, akatoka. Mkononi mwake bado kulikuwa na fungu moja.

"Babu nshamuwekea," akasema. "Huyu mwengine si wetu, mama. Nimesoma jina lake."

Niliutazama ule mrehani mkononi mwake. Harufu yake ilikuwa imeanza kutoka kwa joto la kiganja. Nilitaka kumweleza yote, kuhusu mlango wa pwani na mkate wa kumimina na watu sita, lakini alikuwa na miaka minane na jua lilikuwa kali. Nilifikiri pia juu ya yule mzee, aliyenisikiliza mwaka ule mama yangu alipokuwa mgonjwa, ambaye hakuwa wangu na mimi sikujua.

"Rudi," nikamwambia.

"Kwa nani?"

"Kwa yule. Mwambie umetumwa na Kazija."

Alinitazama kama ninavyotazamwa ninaposahau chumvi kwenye mchuzi, kisha akageuka. Nikabaki barabarani, pale alipokuwa akisimama bibi, nikinyoosha shingo juu ya ukuta mpaka nikamwona anapiga magoti.